Kutoka hoja ya CAG hadi ukuta wa darasa: namna ya kutumia ripoti za umma kubana upigaji kwenye halmashauri yako

Kila Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikishawasilishwa bungeni Dodoma, mitandao huwaka kwa siku tatu nne. Mabilioni yanatajwa, watu wanakasirika, kisha mada inahama. Huku chini mkusanya mapato aliyekaa na fedha za mashine ya POS, ile ya kukatia risiti za ushuru, bila kuzipeleka benki anaendelea na kazi, na darasa lililojengwa kwa fedha za umma linavuja mvua ya kwanza. Ripoti haijashindwa hapo. Imekosa mtu wa kuishika mkono kutoka Dodoma mpaka kijijini.

Kazi hiyo unaweza kuifanya wewe. Unachukua hoja moja tu, yaani kasoro moja aliyoiandika mkaguzi kuhusu halmashauri yako, na kuifuata mpaka ipate jibu la maandishi. Utahitaji simu yenye intaneti, daftari gumu, tepu ya kupimia ya mita 30, nauli ya kwenda makao makuu ya halmashauri mara tatu au nne, na uvumilivu wa miezi mitatu hadi sita. Fanyeni mkiwa watatu hadi watano. Mtu mmoja hutishwa au huchoka. Kundi kubwa huvujisha siri kabla kazi haijaiva.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Mdhibiti wake wa hesabu na mamlaka yake ya kuzuia rushwa, ZAECA, na sheria ya Bara ya kupata taarifa haitumiki huko. Wasomaji wa Kenya nao wana sehemu yao mbele.

Ijue ripoti na majira yake

CAG hatoi ripoti moja. Kuna ya Serikali Kuu, ya Serikali za Mitaa, ya mashirika ya umma, ya miradi ya maendeleo, ya mifumo ya TEHAMA, na kuna ripoti za ukaguzi wa ufanisi. Anayefuatilia shule, zahanati, ushuru wa soko au mikopo ya vikundi aanze na ile ya Serikali za Mitaa. Iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, nao.go.tz, na ripoti kuu hupatikana kwa Kiswahili. Pakua faili lote. Usitegemee kurasa zilizopigwa picha na kurushwa WhatsApp, maana nyingi hukatwa katikati ya sentensi.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Halmashauri hufunga hesabu na kuzikabidhi kwa CAG kufikia 30 Septemba, wakaguzi wanafanya kazi miezi inayofuata, ripoti inamfikia Rais kufikia mwisho wa Machi, na Aprili inaingia bungeni. Kwa hiyo ripoti iliyotoka Aprili 2024 inazungumzia mwaka 2022/23. Darasa lililojengwa Septemba 2022 utalisoma humo, lile la Septemba 2023 halimo. Wengi hukosea hapa: wanamkabili mkurugenzi aliyehamia mwezi uliopita kwa hoja ya fedha zilizotumika kabla hajafika, naye anawajibu kwa urahisi kabisa kwamba hazimhusu.

Ukishafungua faili, usianze ukurasa wa kwanza. Tafuta jina la halmashauri yako kwa kitufe cha kutafuta maneno. Litatokea mara nyingi kwenye viambatisho vya mwisho, ndani ya majedwali, na huko ndiko kwenye tarakimu. Andika kila ukurasa linapotokea, halafu rudi kwenye sura inayoeleza jedwali hilo. WAJIBU, taasisi iliyoanzishwa na Ludovick Utouh baada ya kustaafu nafasi ya CAG, huandaa matoleo mepesi ya ripoti hizi. Yanasaidia kuelewa, lakini ukinukuu, nukuu ripoti yenyewe na namba ya ukurasa.

Soma kilichoandikwa, usisome unachokitaka

Halmashauri nyingi hupata hati inayoridhisha na viongozi huitangaza kama cheti cha usafi. Hati hiyo inasema jambo moja: hesabu zilizoandaliwa zinaonyesha hali ya fedha kwa usahihi katika mambo yote ya msingi. Haisemi hakuna aliyekula. Halmashauri hiyohiyo yenye hati safi inaweza kuwa na kurasa kadhaa za hoja. Hati yenye shaka maana yake kuna maeneo mahususi yasiyokaa sawa, hati isiyoridhisha maana yake hesabu kwa ujumla zinapotosha, na pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni, alikosa ushahidi wa kutosha hata wa kusema chochote.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, maana linaharibu kesi nzuri. Hoja ya ukaguzi si hukumu ya wizi. Maneno yana uzito wake:

"Malipo yenye nyaraka pungufu" ni kwamba fedha ilitoka na karatasi hazikukamilika. Huenda risiti ilisahaulika kwenye faili jingine, huenda haikuwahi kuwepo.

"Hati za malipo hazikuwasilishwa kwa ukaguzi" ni zito zaidi. Faili zima halikuonekana.

"Masurufu yasiyorejeshwa" ni fedha aliyopewa mtumishi kwa safari au kazi, na muda wa kuleta marejesho ukapita.

"Makusanyo hayakupelekwa benki" na "matumizi ya fedha mbichi" ni ndugu wa tumbo moja. Fedha ilikusanywa sokoni, mnadani au stendi, ikaliwa au ikatumika kabla haijaingia akaunti. Hapa mashine ya POS ina kumbukumbu, ndiyo maana hoja hizi zinabana sana: kiasi kinajulikana, siku inajulikana, mkusanyaji anajulikana.

Ukiandika "wameiba milioni 85" mahali CAG aliposema "nyaraka hazikuwasilishwa," umempa mtuhumiwa silaha. Wiki inayofuata ataleta nyaraka, za kweli au za kughushi, na nyinyi mtaonekana wazushi.

Chagua hoja moja

Chagua yenye sifa tatu: kitu cha kushikika, mahali pa kufikika, na kiasi kinachojulikana. Darasa, choo, kisima, kivuko, dawa, ruzuku ya shule, mkopo wa kikundi. Acheni kwa sasa hoja za mifumo, za pensheni na za madeni ya miaka kumi. Ni za kweli na ni nzito, ila kijijini hamna nyaraka zake.

Kama halmashauri yako haitajwi kwa mradi unaoufahamu, ripoti bado inakufaa kama ramani ya mbinu. Ukiona halmashauri nyingine zimekutwa na vikundi hewa vya mikopo ya asilimia 10, angalia kwako. Hesabu ya kuanzia ni nyepesi. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani, baada ya kutoa vyanzo lindwa (mapato yaliyokwisha kutengewa kazi maalumu), igawanywe hivi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo yakiwa shilingi bilioni 1.2, inatakiwa ionekane milioni 48, milioni 48 na milioni 24. Mikopo hii ilisitishwa 2023 kwa sababu ya matatizo hayohayo na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo taja mwaka unaoufuatilia.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule nayo ni nzuri kwa wanaoanza. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 kwenda shuleni, 4,000 kubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 840 ingepaswa kupokea 5,040,000 kwa mwaka, yaani 420,000 kwa mwezi. Hakikisha kwanza kiwango na idadi ya wanafunzi ya mwaka husika, kisha linganisha na taarifa ya benki ya shule na tangazo la ubaoni. Idadi ya wanafunzi ikipanda ghafla kwenye karatasi wakati madawati yamebaki yaleyale, mmeona pa kuuliza.

Omba nyaraka kwa barua

Nenda kwanza mahali ambapo huhitaji kuomba: mbao za matangazo za shule, kijiji, kata na halmashauri, na mfumo wa ununuzi NeST uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Piga picha ubao mzima, pamoja na tarehe.

Kisha andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu. Barua ya namna hii inatosha:

*Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya ……*

*YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA UJENZI WA DARASA MOJA, SHULE YA MSINGI ……, MWAKA WA FEDHA 2022/23*

*Kwa kuzingatia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za: (1) barua ya kupeleka fedha shuleni na kiasi chake; (2) mchoro na BOQ (orodha ya vifaa, kazi na gharama zake); (3) mihtasari ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi; (4) hati za malipo na risiti za EFD (mashine za kielektroniki za kodi) za vifaa; (5) leja ya stoo; (6) taarifa ya kukamilika kwa mradi. Niko tayari kulipia gharama za kudurufu.*

*Jina, anwani, simu, sahihi, tarehe.*

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, siku 30 hazina mwanzo. Barua hufia kwenye maombi mapana: "naomba taarifa zote za fedha za halmashauri" ni barua ambayo hakuna ofisa anaweza kuijibu, hata mwema. Siku 30 zikipita kimya, andika barua ya pili ukiomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na uambatishe ile yenye muhuri.

Wakati unasubiri, ongea na wajumbe wa kamati. Miradi mingi ya shule hujengwa kwa fosi akaunti, ambapo shule inanunua vifaa na kuajiri fundi, chini ya kamati tatu zenye wananchi ndani yake: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Mjumbe wa kamati ya mapokezi ni mtu wa thamani kuliko wote. Muulize kwa heshima, bila kumtuhumu: "Mama, siku saruji ilipofika mlihesabu mifuko mingapi? Mlisaini wapi?" Wapo watakaokuambia walisaini wakiwa wameketi nyumbani, daftari likiletwa na mtu. Jibu hilo pekee linafungua mlango mkubwa, na huyo mama anahitaji ulinzi. Usimtaje popote bila ridhaa yake.

Pima

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo wengi hawafiki. Karatasi inaweza kuandikwa upya. Ukuta hauandikwi upya.

Chukua mfano wa darasa la mita 7 kwa 9. Mzingo ni mita 32. Ukuta wa mita 3 kwenda juu unatoa mita za mraba 96. Toa milango miwili ya mita 1 kwa 2.1, yaani 4.2, na madirisha sita ya mita 1.5 kwa 1.5, yaani 13.5. Zinabaki 78.3. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 likisimamishwa hula takriban 10 kwa mita ya mraba, ukihesabu na ya kuvunjika. Hiyo ni tofali 783.

Usikimbilie kupaza sauti. Ongeza msingi. Ukiwa na kina cha sentimita 60 ni mita za mraba 19.2, tofali 192 zikisimamishwa, na kama 270 zikilazwa kwa tofali za inchi 6. Ongeza pembetatu mbili za juu upande wa kenchi, kila moja upana mita 7 na kimo mita 1.5: jumla mita za mraba 10.5, tofali 105. Jumla inakwenda kati ya 1,080 na 1,160. Sasa kama hati za malipo zinaonyesha tofali 1,900 kwa chumba kimoja, mna pengo la 740 na zaidi. Kabla ya kuliita upigaji, zunguka shule: je, kuna choo, ofisi ya walimu, kibaraza au tangi lililojengwa kipindi hicho? Mara kwa mara tofali zimehamia kwenye kazi halali ambayo haikuandikwa. Mara nyingine zimehamia kwenye uzio wa mtu.

Sakafu nayo. Mita 7 kwa 9 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 6.3. Zege la uwiano wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko 4 hadi 5 ya kilo 50 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mifuko 25 hadi 32. La 1:2:4 hula 6 hadi 7, kwa hiyo 38 hadi 44. BOQ itakuambia uwiano uliolipiwa. Sakafu inayochimbika kwa ufunguo wa baiskeli baada ya mwaka mmoja inakuambia uliomwagwa.

Nondo ndiyo mahali pa siri pa kupunguzia. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita, ya milimita 10 gramu 617. Anayebadilisha ya kwanza kwa ya pili ameondoa asilimia 30 ya chuma, na zege likishafunika hakuna anayeona. Tafuta ncha zilizochomoza juu ya lenta au kwenye nguzo za kibaraza, na vipande vilivyotupwa nyuma ya jengo. Pima kwa vernia ya fundi, kifaa cha kupimia unene, si kwa macho. Ukiweza, nenda siku ya kufunga nondo, kabla ya zege. Saa moja ya siku hiyo ina faida kuliko wiki nzima ya kusaka karatasi baadaye.

Mabati: soma chapa pembeni ya bati. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, ingawa namba ni kubwa, na kwa mtu asiyejua zinafanana. Mbao za kenchi: pima upana na unene wake, angalia kama zina rangi ya dawa.

Kila kipimo kiandikwe na watu wawili wakishuhudia, kipigwe picha tepu ikionekana. Mwombe fundi mwenye uzoefu ambaye hakuhusika na mradi apitie hesabu zenu. Na ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia. Mkiingia kwa dirishani, mmepoteza.

Karatasi za manunuzi zinasemaje

Weka nukuu tatu za bei mezani, moja pembeni ya nyingine. Angalia mwandiko. Angalia makosa ya tahajia yanayojirudia kwenye zote tatu. Angalia namba za simu, TIN (namba ya mlipakodi), sanduku la posta. Wazabuni watatu wanaoshindana kwa haki hawakosei "saluji" kwa pamoja. Angalia tarehe: nukuu iliyoandikwa baada ya LPO (hati ya kuagiza bidhaa), au bidhaa iliyopokelewa kabla haijaagizwa, ni dalili kwamba faili limetengenezwa baadaye ili kumridhisha mkaguzi. Angalia manunuzi ya kitu kilekile yaliyokatwa vipande siku zinazofuatana ili kila kipande kikae chini ya kiwango kinachohitaji ushindani.

Risiti za EFD zina namba ya uhakiki. Iingize kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti, verify.tra.go.tz, ulinganishe kiasi, tarehe na jina la muuzaji. Risiti isiyopatikana huko si lazima iwe bandia, kwani mtandao au makosa ya kuingiza namba hutokea. Jaribu tena siku nyingine kabla ya kuandika. Jina la kampuni unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na taarifa rasmi za wamiliki hulipiwa ada.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi ni hivyohivyo. Kwenye daftari lenu tengenezeni safu sita: tarehe, nyaraka au kipimo, mahali kilipopatikana, kinachosema, kinachokosekana, nani anaweza kujibu. Nakala za picha ziwe sehemu mbili, mojawapo isiwe simu yako.

Mpe nafasi ya kujibu

Kabla ya kutangaza chochote, mwandikie mhusika: mkuu wa shule, mtendaji au mkurugenzi. Weka maswali yenye namba, mpe siku 14. Ni haki yake, na pia ni kipimo chenu. Zaidi ya nusu ya kazi ya kuwa sahihi iko kwenye jibu hilo. Akileta maelezo yanayokubalika, andikeni hivyo na mfunge hoja hiyo kwa heshima. Akikaa kimya, kimya chake kina tarehe.

Ukurasa mmoja

Andiko lenu la mwisho lisizidi ukurasa mmoja, viambatisho vikifuata. Kwa mfano:

*Ripoti ya CAG ya mwaka 2022/23, ukurasa …, inaonyesha malipo yenye nyaraka pungufu kwa ujenzi wa darasa shule ya ……. Hati za malipo zinaonyesha tofali 1,900. Tulipima jengo tarehe … mbele ya mjumbe wa kamati na fundi. Mahitaji hayazidi 1,160. Hakuna jengo jingine lililojengwa kipindi hicho. Tulimwandikia mkuu wa shule tarehe …, hadi leo hatujajibiwa. Tunaomba halmashauri ieleze kwa maandishi tofali 740 zilitumika wapi.*

Hakuna neno "mwizi" humo. Halihitajiki.

Peleka mezani, tena kwa wakati wake

Utafiti una la kusema hapa, na si lote la kufurahisha. Uganda, kati ya 1991 na 1995, uchunguzi wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulikuta shule za msingi zinapata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku yao. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na kwenye mbao za shule kiasi kinachopelekwa, na kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Wengine wamekumbusha, kwa haki, kwamba mageuzi mengine ya fedha yalikwenda sambamba, kwa hiyo tangazo peke yake lisipewe sifa zote. Indonesia, Benjamin Olken alifuatilia barabara za vijiji 608, wahandisi wakichimba sampuli za barabara kulinganisha vifaa na hesabu. Vijiji vilivyohakikishiwa kwamba vitakaguliwa vilipunguza upotevu kwa pointi 8 za asilimia, ilhali kuwaalika wananchi wengi mkutanoni kulikuwa na athari ndogo kwa ujumla. Brazil nayo, manispaa zilichaguliwa kwa bahati nasibu kukaguliwa kuanzia 2003. Mameya waliokutwa na ufisadi walipoteza kura zaidi 2004, hasa palipokuwa na redio ya mahali hapo.

Funzo la kutumia: mkutano wa kelele peke yake hautoshi. Uunganishe na mkaguzi mwenye mamlaka, na redio inayosikika huko huko.

Kwa hiyo ratiba iwe hivi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ufanyike angalau kila miezi mitatu, uulize swali na jibu liingie kwenye muhtasari. Swali lisiloandikwa kwenye muhtasari halikuulizwa. Halmashauri hufanya baraza maalumu la madiwani kujadili hoja za CAG, kwa kawaida mwezi Juni. Mpe diwani wako ukurasa ule wiki mbili kabla, siyo asubuhi ya kikao, na mwende kuketi kama wasikilizaji, kwa kuwa vikao vya baraza huwa wazi kwa wananchi. Nakala nyingine iende kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Na kuanzia Oktoba, wakaguzi wa nje wakiwa kwenye halmashauri, pelekeni nakala ofisi ya CAG ya mkoa. Mkaguzi mwenye siku chache na mamia ya miradi atashukuru kuonyeshwa mlango.

Kasoro za ununuzi ziende PPRA, mamlaka ya udhibiti wa ununuzi wa umma. Dalili za rushwa ziende ofisi ya TAKUKURU ya wilaya au simu ya bure 113. CAG mwenyewe, akiona dalili za ubadhirifu, sheria ya ukaguzi inamtaka aviarifu vyombo vya uchunguzi. Halmashauri ikikaa kimya kabisa, barua kupitia kwa Katibu wa Bunge inaweza kuifikia LAAC, kamati inayohoji hesabu za Serikali za Mitaa.

Kenya utaratibu unafanana, tarehe zinatofautiana: ibara ya 229 ya Katiba ya 2010 inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, malalamiko ya kunyimwa taarifa yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na tuhuma za rushwa kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi.

Usalama

Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo, lakini inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Anayeanza na Facebook yuko mbali na kivuli chake, na karibu na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mpangilio ni mamlaka kwanza, redio na mitandao baadaye, na kwa maneno yaleyale ya ule ukurasa mmoja. Funika namba za akaunti, sahihi, namba za simu na majina ya watumishi wadogo kabla ya kuonyesha nyaraka. Tangu 2022 kuna sheria ya taarifa binafsi. Nyaraka iliyoibwa ofisini usiipokee. Omba ileile kwa barua.

Mkiitwa "kumalizana," nendeni wawili, ofisini, mchana. Msipokee nauli, soda wala posho kutoka kwa mnayemfuatilia. Shilingi 10,000 ya nauli inatosha kuifuta kazi ya miezi mitano, na anayeitoa anajua hivyo.

Aprili inayofuata, fungua ripoti mpya kwenye sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Tafuta halmashauri yako. Kama hoja yenu imeandikwa imefungwa, omba kwa barua nyaraka zilizoifunga, kisha rudini na tepu kwenye lile darasa.